Maji ya Kumtosha Selipher

"Sasa huko unakoenda, kwenye mchanga mtupu, maji ya kukubatiza yatatoka wapi?"

Swali hilo aliliuliza Serah, jirani yake Selipher kule Mumias, mwezi wa tatu mwaka wa 2014, akiwa ameukalia mfuko wa safari ili zipu ipate kufunga. Selipher alikuwa anaivuta zipu kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Akamwambia, "Wewe kalia mfuko, mama. Mambo ya maji mwachie aliyeyaumba." Wakacheka, zipu ikafunga, na kesho yake Selipher akaondoka.

Lakini swali lilipanda ndege pamoja naye.

Kanisa la kina Selipher lina utaratibu wake. Mtu mzima husoma mafundisho mwaka mzima, kisha siku ya Pasaka hushuka na wenzake mpaka mto Nzoia, amevaa nguo nyeupe, akaingia majini hadi kifuani na kuzamishwa. Asiyezamishwa hapokei Meza ya Bwana. Mkate ukipitishwa, yeye hukaa benchi la nyuma pamoja na watoto, akiwashikia malapa yao. Selipher, mjane wa miaka arobaini na sita, alikuwa amemaliza mwaka wake bila kukosa hata Jumamosi moja. Gauni alikwisha kushona. Ndipo ajenti wa kazi za Uarabuni akapiga simu: ndege ni wiki tatu kabla ya Pasaka, na ukikataa, nafasi anapewa mwingine. Watoto wake watatu walikuwa nyumbani wakingoja karo ili warudi shule. Akalikunja lile gauni, akalilaza chini kabisa ya mfuko.

Riyadh alipata kazi mtaa wa Malaz, ghorofa ya tatu, kwa watu ambao hata siku moja hakuwaombea mabaya. Madam Nouf alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Kila kitu alikikagua mara mbili. Mumewe, ambaye Selipher alimwita baba kama wafanyakazi wote wanavyowaita mabosi wao, alikuwa mtu mnene wa kucheka, mzaliwa wa Jeddah. Alianza ukarani Bandari ya Jeddah kabla ya kuhamishiwa ofisi za Riyadh, na Riyadh ilimkausha. Bomba likipasuka barabarani, alisimamisha gari ayatazame maji. Walikuwa na binti mmoja, Danah, wa miaka minane, aliyesoma shule ya Kiingereza na kumsahihisha kila mtu.

Selipher alifanya kazi zake na sala zake, vyote bila kelele. Alijua yuko nchi ya wenyewe. Aliombea chumbani kwake, mlango umefungwa, kwa sauti ya kusikiwa na Mungu peke yake. Mwaka wa 2016 mkataba wake ulipokwisha, madam alimwomba aongeze miaka miwili, naye akaongeza, maana mtoto wa mwisho alikuwa bado shuleni. Likizo ni mpaka hiyo miaka miwili iishe. Maana yake, akihesabu, ni Pasaka nyingine mbili za benchi la nyuma, tena huku hata benchi lenyewe halipo.

Basi Ramadhani ilipokwisha mwaka huo, baba akatangaza mezani, "Kiangazi hiki twende Uingereza. Siyo London ya maduka, hapana. Shamba! Nilisoma kule mwaka mmoja nikiwa kijana. Ukivuka kilima, maji. Ukivuka kingine, maji tena. Maziwa, mabwawa, vidimbwi, tutayazunguka yote mpaka tuchoke. Na mama yangu tutampitia Jeddah. Na Selipher anakuja."

Selipher alikuwa ameshika sinia ya wali. Akaiweka chini taratibu, na usiku huo akamtumia mchungaji wake ombi: abatizwe huko huko.

Ijumaa iliyofuata alikwenda soko la Batha pamoja na Velma, Mkenya mwenzake aliyefanya kazi ghorofa ya chini yao. Walienda kutafuta unga wa ugali, lakini hasa walienda kusikiliza ujumbe wa sauti wa Mchungaji Josphat kutoka Mumias. Walisimama kati ya duka la simu na mabasi, kila mmoja ameziba sikio moja.

"Dada Selipher," mchungaji alisema, "ombi lako wazee wamelikubali. Huko Uingereza tunaye mtumishi wetu, Norman, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Ana ruhusa ya kubatiza. Lakini taratibu ni zile zile. Maji yawe ya nje, siyo ya bomba wala ya beseni, yafike kifuani. Na watu unaolala nao paa moja wajue kabla, wasikie kutoka kinywani mwako. Kwetu hakuna anayebatizwa kwa kificho."

Velma alirudisha ujumbe akausikiliza tena, kisha akapiga mluzi. "Hayo ya maji ni rahisi. Hili la mwisho ndilo litakalokurudisha ofisi ya ajenti na mfuko wako kichwani. Umwambie madam? Yule anayehesabu mpaka vijiti vya kuchokolea meno?"

"Na kweli anavihesabu."

"Sasa? Nisikilize mimi. Ingia maji, toka maji, nyamaza. Halas."

"Nikinyamaza, Velma, sitakuwa nimebatizwa. Nitakuwa nimeoga."

Velma akacheka mpaka mwenye duka akawatazama. Lakini walipopanda basi kurudi Malaz, hakuna aliyecheka. Kurudishwa kwa ajenti halikuwa jambo la mzaha, na wote wawili waliwajua waliorudishwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Jeddah walilala siku mbili nyumbani kwa Haja, mama yake baba. Alikuwa kibibi mfupi wa miaka sabini na mitano, mwenye fimbo na macho ya kuchoma. Dirishani kwake zilionekana winchi za bandari na bahari nyuma yake. Selipher alisimama hapo akiosha vikombe na kuitazama bahari. Maji yote yale, na siyo yake kuyaingia. Ibada ya namna hiyo nchi haikuiruhusu hadharani, na yeye hakuja kuvunja sheria za watu.

Jioni akajikaza akamfuata madam, aliyekuwa anapanga pasipoti.

"Madam."

"Naam?"

Selipher akafungua kinywa. "Chai?"

"Nimekunywa sasa hivi, wewe ndiye uliyenipa."

Haja aliyaona hayo kutoka kwenye kochi lake.

Nyumba waliyopanga Uingereza ilikuwa ya mawe, kando ya shamba la ng'ombe, na mwenye shamba, mzee mrefu mwenye mabuti, aliishi ng'ambo ya ua. Kwa kuwa Haja hakuweza ngazi, alilala chumba cha chini pamoja na Selipher.

Siku ya kwanza baba aliwapeleka kwenye ziwa kubwa. Alitandika zulia la Riyadh juu ya majani, akapanga chupa ya kahawa, tende, na sufuria nzima ya wali na kuku, akaketi kama sultani. Waingereza waliopita na kaptula zao walisalimia, naye akawapa tende. "Yatazameni!" alipaza sauti. "Maji matamu, hayana chumvi hata kidogo, na hakuna mtu anayekaa kuyalinda!"

Selipher alipopata nafasi aliokota kijiti kirefu, akatembea ukingoni peke yake, akakitumbukiza. Kina cha goti. Akasogea. Goti tena, na bata hamsini wanamtazama.

Siku ya pili ilikuwa bwawa lililojengwa ukuta mkubwa wa mawe. Hapo kina hakikuwa na shaka, lakini palikuwa na kibao, Danah akakisoma kwa sauti ya mwalimu: "Usiingie. Maji haya ni ya kunywa." Selipher akajificha nyuma ya gari, akampigia Norman.

"Haya ni ya nje au ya bomba, mtumishi?"

Norman akafikiri. "Dada, hapo pagumu. Leo ni ya nje, kesho ni ya bomba. Halafu ukizamishwa humo, mji mzima utakunywa chai ya dhambi zako. Tafuta mengine. Mimi nina nafasi Jumamosi ya mwisho tu, usisahau."

Siku ya tatu kidimbwi kilizungukwa na wazee wenye fimbo za kuvulia samaki, kimya kama wako msibani. Siku ya nne ziwa lilikuwa na mashua nyingi mno. Siku ya tano bwawa lingine, kibao kingine. Kila mahali Selipher alipima kwa kijiti chake, na kila jioni alimtazama madam, akafungua kinywa, akafunga.

Ila kidimbwi cha yule mzee wa mabuti, chini ya shamba, alikuwa hajakipima. Asubuhi ya siku ya sita akamwita Danah pembeni. "Muulize babu yule, kidimbwi chake kinanifika kifuani?"

Danah akauliza. "Anasema katikati kinakufika. Anasema pia kuna tope, na anauliza kwa nini."

"Mwambie asante sana."

Siku hiyo hiyo alilitoa gauni lake jeupe, akalifua, akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba chao. Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda kombo.

Kwanza kijiti chake kilipotea. Kisha viatu vyake, jozi zote mbili, akabaki na malapa ya bafuni. Walipokwenda kwenye ziwa la alasiri, Haja alimshika mkono hakumwachia. "Kaa hapa. Naogopa kuanguka." Kibibi alikuwa ameketi chini kwenye zulia, angeanguka kwenda wapi? Na alipotaka kwenda kuosha vikombe ukingoni, baba mwenyewe, mwanamume ambaye hajawahi kuosha hata kijiko, aliruka akamnyang'anya. "Mimi! Mimi nitaosha!"

Kesho yake hawakwenda majini kabisa. Baba aliwapeleka kutazama ngome ya zamani, tena bila furaha. Keshokutwa, soko la jibini. Danah alilia anataka bata, akanyamazishwa. Kila Selipher alipoinua macho, madam alikuwa anamtazama.

"Wamejua," alimwandikia Velma. "Wamejua kabla sijasema. Ndiyo basi."

Velma akajibu, "Omba. Na ufunge mfuko mapema."

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, madam akamwita sebuleni. Baba alikuwapo, ameinamisha kichwa. Haja alikuwapo na fimbo yake. Juu ya meza lilikuwa limelazwa gauni jeupe.

"Keti," alisema madam. Selipher hakuwahi kuambiwa aketi sebuleni. Akaketi ukingoni mwa kiti.

"Selipher," madam alianza, na sauti yake haikuwa ya ukali hata kidogo, ndiyo maana ikamtisha zaidi. "Kuna mtu aliyekuumiza nyumbani kwangu?"

"Hapana, madam."

"Watoto wako wazima?"

"Wazima, madam."

"Basi ni nini?" Haja alishindwa kuvumilia. "Niliiona tangu Jeddah! Unasimama dirishani unatazama bahari kama mtu anayeaga. Huku kila tukifika penye maji unakwenda peke yako na kijiti, unatafuta palipo na kina. Unanong'ona kwenye simu. Unamtuma mtoto akuulizie kidimbwi kinakufika wapi! Halafu unafua sanda yako, unaipiga pasi, unanitundikia mlangoni, na mimi nalala hapo hapo! Unadhani mimi ni kipofu? Mwanangu, maisha ni ya Mungu, huwezi kumrudishia kabla hajayataka!"

Selipher alimtazama, hakuelewa. Kisha akaelewa. Akaona yote kwa macho ya kibibi, kijiti, kina, gauni, viatu vilivyopotea. Kicheko kikampanda na machozi yakampanda, vikakutana kooni.

"Haja! Mlidhani nataka kujizamisha?"

"Sasa ulitaka nini?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusemea, na hapakuwa na chai ya kukimbilia. Selipher akaweka mikono magotini. Kwa Kiarabu chake cha jikoni, kilichopinda lakini kinachofika, akawaeleza: kanisa lao, mwaka wa mafundisho, mto wa kwao, simu ya ajenti, benchi la nyuma, na mtu wa Jumamosi. Akawaambia na lile sharti la paa moja. "Kwa hiyo nilikuwa nangoja kuwaambia," akamaliza. "Kila siku nilikuwa nakuja kukuambia, madam, nikarudi."

Haja aliegemea kiti, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, na mabega yakaanza kutikisika. Selipher alidhani analia. Alikuwa anacheka. "Ya Rabbi! Nimelala siku tatu jicho moja wazi! Nimeficha viatu vya mtu ndani ya ndoo ya mchele!"

Madam hakucheka. "Na nikikataa?"

"Nitapika chakula cha jioni, madam."

"Na baada ya hapo?"

"Nitangoja nirudi kwetu. Pasaka ya 2019."

"Hutakwenda kwa siri?"

"Kwa siri haihesabiki."

Madam alilitazama gauni. Akalinyoosha kola, akaligeuza kuona mshono, kama alivyokagua kila kitu. "Miaka miwili na zaidi unalala nyumbani kwangu. Nimekukosea nini hata uniogope hivyo?"

Selipher alitafuta jibu la adabu akalikosa, likatoka la kweli. "Unahesabu vijiti vya meno, madam."

Baba alipasuka. Alicheka akapiga meza, akacheka akashika tumbo, akasema, "Wallahi, anavihesabu! Nami naogopa!" Na madam, aliyekuwa amejikaza, akajikuta mdomo umemponyoka upande mmoja.

"Dini yako ni yako," alisema alipotulia. "Mimi sitakuja, wala mtoto hatakuja. Lakini nimejua, na umeniambia kwa kinywa chako. Nenda. Ila maji ya hapa ni barafu. Ukiugua, nani atapika?"

"Mimi nitakwenda naye," Haja alisema. "Sitatazama, mambo yao siyajui. Nitashika taulo. Aliyemnyang'anya viatu ni mimi."

Jumamosi asubuhi baba alizungumza na mwenye shamba, na yule mzee wa mabuti akawahamishia ng'ombe upande wa pili wa uzio bila kuuliza neno. Haja alipewa kiti cha kukunja, akakiweka ukingoni mwa kidimbwi, akaketi akiyapa maji mgongo, taulo mbili mapajani, tasbihi mkononi. Jua lilikuwapo, ila lilikuwa jua la Uingereza, la kutazamwa tu.

Norman alishuka basi saa nne akaja akiongea tangu getini. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye suti ya kijivu na faili kwapani, na ilionekana hakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili siku nyingi. "Dada Selipher! Sifa kwa Bwana! Kumbe u mrefu hivi, kwa simu nilidhani u mfupi. Huyu ndiye Haja? Shikamoo, Haja! Hajui? Haidhuru. Sasa, mpango ni huu. Tutaanza na wimbo, beti zote. Kisha nina neno, nimeliandaa, kurasa saba, kuhusu maji tangu Mwanzo mpaka Ufunuo. Neno nitalitoa tukiwa ndani ya maji, ndiyo namna nzuri, mtu anasikia huku anahisi. Kisha sala ndefu kidogo, maana umengoja sana. Kisha wimbo tena."

"Ndani ya maji, mtumishi?"

"Ndani kabisa. Usiogope, mimi nimekulia mtoni."

Akavua viatu na koti, akamkabidhi Haja faili, akainua kurasa zake juu, akaingia. Selipher akamfuata, gauni jeupe likijaa hewa na kuelea. Baridi ilimshika vifundo kama meno. Tope likapita kati ya vidole, na akaendelea kutembea, maana miguu ilikuwa imengoja zaidi ya miaka miwili.

"Hapo mwanzo," Norman alisema maji yalipomfika magotini, "Roho alitulia juu ya..." Yakamfika mapajani. "...juu ya uso wa..." Yakamfika kiunoni, na sauti ikapanda juu kama ya mtoto. Akazitazama kurasa saba. Akazikunja, akazitia mfuko wa shati.

Maji yalimfika Selipher kifuani. Norman akamshika mgongo na kichwa, akasema kwa mkupuo mmoja, "Kwa imani yako nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu," akamzamisha.

Chini palikuwa kijani, na kimya, na palimtosha. Alipoinuliwa, mbingu ilikuwa kubwa kuliko alivyoiacha. Maji yalimtiririka masikioni, akasikia ng'ombe, akasikia Haja akiuliza kwa Kiarabu, "Yupo? Ametoka? Mbona kimya?" Akataka kumjibu, ikamtoka "Amina!" iliyowarusha bata wote.

Akafumba macho, akakunja mikono kifuani, akangoja ile sala ndefu. Akangoja. Alipoona baridi inamfika kwenye mifupa, akafumbua jicho moja.

Norman alikuwa ameshafika ukingoni. Suruali ilimganda miguuni, meno yakigongana mpaka yakasikika. Alichukua taulo moja kwenye mapaja ya Haja, akaacha koti, akaacha viatu, akaacha faili, akapanda kilima kuelekea jikoni kwenye moto, asiseme neno jingine.